Jivu la Bibi Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni hapa, wanangu. Yule mtoto wa paka mliyemwona nyuma ya jiko, mwacheni kwanza alipo. Nisikilizeni, maana hadithi hii ni yake.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji. Ndani yake aliishi Bibi Sikudhani, mfinyanzi wa vyungu. Vidole vyake vilikuwa na udongo mwaka mzima. Chungu kikipasuka, hakukitupa. Alichukua kigae, akakijaza maji, akakiweka nje ya uzio. Kuku wa watu wakanywa. Mbwa wasio na mwenyewe wakanywa. Watu wakimcheka, "Bibi, unafuga kijiji kizima?" naye hujibu, "Simfugi mtu. Natoa maji tu."

Siku moja, binti wa jirani aitwaye Zawena alikwenda ghalani kuchukua mtama. Akasikia: nyii, nyii, nyii. Chini ya ghala, kwenye mabua makavu, mtoto wa paka! Mdogo kama ngumi. Macho ndiyo kwanza yanafunguka.

"Masikini! Huna mama?"

Nyii.

"Basi mama yako ni mimi."

Akamfunga kwenye kaniki yake, mbio hadi nyumbani. Pata, pata, pata! Mama yake akashika kiuno.

"Zawena! Huyo umemtoa wapi?"

"Nimemwokota."

"Kinachookotwa ni kuni, mwanangu. Huyo ana kwao."

"Hana, mama! Alikuwa peke yake!"

Zawena akampa uji. Hakunywa. Akampa maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kidole. Akayatema. Asubuhi yake sauti ilikuwa imepungua. Nyii... nyii... Hata shingo haisimami.

Na huko nje, tangu jana, paka mkubwa wa kijivu alikuwa akizunguka. Nyaaau! Nyuma ya nyumba. Nyaaau! Kando ya ghala. Watu wakaudhika.

"Paka huyo anatulilia mkosi!" alisema Mzee Kombo. Akarusha jiwe. Pu! Likampata mguuni. Paka akaondoka akichechemea, na bado analia.

Zawena alikisikia kilio kile. Akamtazama mtoto wa paka mapajani mwake. Akakimbia kwa Bibi Sikudhani. Pata, pata, pata!

"Bibi, atakufa! Nisaidie!"

Bibi akafuta udongo mikononi. "Mjukuu wangu, uliona kwamba mama yake amekufa?"

"Hapana, Bibi."

"Ulimngoja arudi?"

"Nilingoja... kidogo."

"Kidogo gani?"

"Kama kumeza mate."

Bibi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama yako akienda kisimani, wewe hubaki na nani?"

"Peke yangu."

"Na mtu akipita akakuonea huruma, akakubeba?"

Machozi ya Zawena yalijibu.

Bibi akachota jivu la jikoni, kigae tele. Wakaenda ghalani. Wakamlaza mtoto wa paka palepale kwenye mabua. Bibi akanyunyiza jivu kumzunguka, taratibu, kama mtu anayetandika mkeka.

"Sasa twende tukae mbali. Mama yake akija, jivu litatuambia. Asipokuja, tutajua hana mtu, na hapo ndipo kumchukua kutakuwa wema."

Wakakaa. Jua likapanda. Zawena akanyanyuka. Bibi akamshika kaniki. "Ukienda, utamfukuza mama yake." Akakaa. Jua likasimama utosini. Zawena akaenda kuchungulia kwa mbali: jivu safi. Akarudi akilia.

"Bibi, nimemuua."

"Bado. Ngoja."

Mara, nyaaau! Paka wa kijivu akatokea kwenye majani, na nyuma yake Mzee Kombo, jiwe mkononi. Bibi Sikudhani akainuka, magoti yakilia ka, ka. Akasimama katikati.

"Kombo! Huyu halii mkosi, anamlilia mwanawe. Kama lazima urushe, nirushie mimi."

Mzee Kombo akaangalia chini. Jiwe likamponyoka. Pu.

Wakakaa tena, watatu sasa. Jua likaanza kushuka. Walipokwenda kutazama, mabua yalikuwa matupu. Na kwenye jivu, nyayo! Tatu zimezama, wa nne umegusa tu, wa ule mguu ulioumia. Zimeingia. Zimetoka.

Zawena akacheka na kulia pamoja. "Amemchukua, Bibi. Na mimi nilimpenda."

"Najua. Ndiyo maana umeweza kumrudisha."

Mvua zikaja, zikapita. Asubuhi moja paka wa kijivu alikuja kunywa kwenye kigae cha Bibi, ameongozana na wanawe watatu, yule wa ghalani na wawili aliokuwa amewahamisha kabla yake, wakubwa sasa, wanaokula wenyewe. Mmoja akamfuata Zawena hadi mlangoni. Bibi akamuuliza, "Akizeeka, akawa hakamati panya?"

"Nitamlisha."

"Ukiolewa ukahama?"

"Nitahama naye."

Na kweli alihama naye, ndani ya kikapu. Wakwe wakaangua kicheko: "Bibi harusi kaja na ndugu yake!" Zawena hakujali.

Tangu hapo kijiji kizima kilijifunza kunyunyiza jivu. Mwaka mmoja likabaki safi siku nzima kumzunguka mtoto wa mbwa. Bibi Sikudhani, aliyeogopa mbwa tangu utoto, akamfunga kwenye kaniki yake. "Huyu sasa ni wetu," akasema. Alipofariki Bibi, mbwa yule alilala kando ya kigae cha maji, na watu wakawa wanakijaza kwa zamu. Aliyeanza ni Mzee Kombo.

Basi, wanangu, huruma isikimbie mbio kuliko macho. Tazama kwanza kama mnyama ana mama. Akiwa hana, mchukue, na ukimchukua usimwache.

Mimi nimefundishwa na mama yangu, naye na mama yake, hadi kwa Zawena mwenyewe. Hapo ndipo hadithi yangu imekunja mkeka wake.

Haya. Nani ananiletea jivu?