Ulimi wa Bi Rudaina

Bisha ukitaka. Waliokuzidi kilemba walibisha, wakaishia kufutia machozi kilemba hicho hicho.

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Zarwani, mji wa watia nguo rangi ya nili, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Rudaina, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuonja. Nili huchachuka mtungini, na hapo kale nguo haikuchovywa mpaka muonjaji atie tone ulimini na kusema tayari. Akisema bado, hata tajiri alisubiri.

Kisha misafara ikapata njia fupi, ikauhama mji. Mitungi ikakauka. Vijana wakashinda barazani, kwanza wakitaniana, halafu wakiibiana, mwisho wakitafuta wa kumlaumu. Hawakwenda mbali: mtaa wa chini walikuwapo wageni waliokimbia ukame pamoja na mbuzi wao. Ikasemwa wametia uchawi kisimani, ndiyo maana riziki imetoroka.

Siku moja baada ya swala ya alasiri wakamjia Bi Rudaina na vijinga vya moto, na kata ya maji ya kisima. Mmoja akamkejeli kwamba siku hizi ulimi wake umebaki kuonja mate, basi leo wamemletea kazi. Mbele yao alisimama Lubaidi, mwanawe wa pekee, mbavu zimemtoka.

"Mama, onja. Useme tu yameharibiwa."

Bi Rudaina alijua neno lake lingeaminiwa. Alijua pia kuwa mbuzi wa wale wageni wangemrudishia mwanawe nyama mwilini. Akapiga bismillahi, akaonja.

"Maji haya ni mazima," akasema. "Wageni hawana kosa, wanangu. Misafara imehama. Inauma, lakini hakuna nyumba ya kuchoma kwa hilo."

"Umetuua, mama."

"Sikulishi damu, Lubaidi."

Wakanung'unika, wakamtukana, kisha mmoja mmoja wakavizima vijinga mchangani.

Enyi waja wa Mungu, ufukara ukiingia mji huomba jina la mtu. Heri aliyekataa kulitaja.

Lakini kuna kipande nimekiruka, maana nilitaka mumpende kwanza. Lubaidi hakuumaliza mwezi ule, njaa ilimchukua. Watu wa Zarwani walikuwa wamemsusa mama yake, hakuna aliyetia bega kwenye jeneza. Waliolibeba ni wageni wa mtaa wa chini, na hawakujua hata kwa nini mama yule, akiwahesabu mbuzi wao moyoni, hakuweza kuwatazama usoni.