Jina Lililokaa Kooni mwa Fisi

Hadithi inabisha hodi!
Ifungulieni!
Imekuja na nani?
Na mwenye meno na mwenye akili!

Kwaru!

Usiku ulikuwa kimya, na sauti ilikuwa hiyo moja tu. Fisi akaruka kitandani. Akatazama mlango: umefungwa. Akatazama kamba: imekaza. Akamtazama mateka wake, Nguchiro: anajikuna mgongo ukutani.

"Unachimba," Fisi akasema.

"Najikuna, bwana."

"Unajikuna kwa kuchimba."

Hakulala tena mpaka kukakucha.

Desturi ya pori lile ilikuwa hivi: mateka hutumika mpaka bwana wake amtaje jina mbele ya watu. Akishatajwa yuko huru, hadaiwi wala hafuatwi. Basi Nguchiro jina lake lilikuwa Machano, lakini tangu amkamate, Fisi alimwita "wewe", akamwita "we kitu", akamwita "psst". Maji achote Nguchiro, kuni akate Nguchiro, jina ameze Fisi.

Asubuhi ikaja habari kwamba Nyati mzee ameanguka bondeni, na nyama itagawiwa wote. Nguchiro akamwendea bwana wake, kichwa kakiinamisha, akamsihi asimchukulie fungu. Yeye hana hamu. Lake apewe Mbweha tu.

Fisi akanusa jambo. Hana hamu? Tangu lini? Na kwa nini Mbweha? Hawa wamepanga. Mbweha akishiba fungu hilo, atakuja kukata kamba! Akaapa kwamba Mbweha hatalamba hata mfupa. Akamburuta Nguchiro kwa kamba yake, buru, buru, hadi bondeni.

Mgawaji alikuwa Bi Kanga, mwenye kisu kidogo na mdomo mkali. Kila fungu lilitajiwa mwenye nalo kwa jina, asiyetajwa hali. Puu! Akaweka la Fisi. Puu! Akaweka jingine, na ini zima juu yake, linatoa mvuke.

"Hili la nani?"

"La huyu," Fisi akasema.

"Huyu tunamwona. Anaitwa nani?"

"Ni wa kwangu."

"Sikukuuliza ni wa nani, babu. Mbweha, hebu sogea."

Mbweha akasogea, ulimi nje, ha, ha, ha. Fisi akamtazama Mbweha. Akalitazama ini. Akamtazama Nguchiro, naye Nguchiro akainamisha macho, akasema polepole, "Mpe Mbweha, bwana. Nakuomba."

Hapo Fisi akawa na hakika. Njama imeiva! Mate yakamjaa, koo likamfunguka.

"La Machano!"

Bonde zima likasikia. Machano akaivua kamba shingoni, akachukua ini lake, akamshukuru Bi Kanga, akaingia majanini, chwi, chwi, chwi.

Hadithi imeaga, fungeni mlango. Funzo lake? Tusitajane majina, jamani. Uhuru ni hasara tupu: tangu siku ile, maskini Fisi hana wa kumshuku ila yeye mwenyewe.