Umeukagua Waya?

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia, mama mtu mzima, katika mji ulio chini ya mlima wa moto. Tetemeko la zamani lilimwangushia dada yake ukuta. Tangu amzike, miaka kumi na mmoja, kila jioni jua likielekea kuzama alisikiliza mlio wa kituo cha redio kilichoko nchi ya mbali. Msicheke, mtacheka baadaye. Mlio ule hupanda juu, hugonga tabaka la hewa lililo juu kuliko njia za ndege, hurudi chini. Jua likizama, tabaka hubadilika, mlio hunywea. Wako wataalamu wanaoshuku kwamba ardhi ikikaribia kutikisika, tabaka lile huvurugika na mlio hunywea kabla ya saa yake. Wanashuku tu, bado wanabishana. Yeye akaandika daftarini: saa na dakika, saa na dakika. Mumewe alilalamika kwamba ameoa mke aliyeolewa na redio.

Basi wiki moja, siku tatu mfululizo, mlio ukanywea nusu saa mapema. Hiki ndicho alichokingoja.

Mwenyekiti wa mtaa alipopata fununu akafika na kipaza sauti begani. Alitaka soko lifungwe, wagonjwa watolewe zahanati.

“Mwalimu, wewe sema neno moja tu. Mengine niachie.”

“Nipe nusu saa, mwenyekiti. Waya wangu sijaukagua.”

Ndugu zangu, nani kati yetu angeomba nusu saa, na kipaza sauti kimeshawashwa?

Akazunguka nyuma ya nyumba, akaufuata waya wa kunasia mawimbi kutoka paa lake hadi kwenye mkaratusi wa jirani. Katikati ya waya lilining'inia blanketi zito, limelowa chapachapa, limeuvuta waya chini hata haunasi mlio sawasawa. Jirani alikuwa amejifungua, na siku hizo tatu kila alasiri alifua, akaanika.

Mwalimu akasimama pale. Hakuna aliyemwona. Angelishusha blanketi na kunyamaza, ardhi ikitikisika yeye ni nabii. Isipotikisika, Mungu amerehemu. Hasara iko wapi?

Akapitia ndani kwenye daftari lake, akatokea mbele ya nyumba, watu wamejaa.

“Ni blanketi,” akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akamwuliza, “Miaka yote hiyo unasikiliza mbingu, umeambulia kusikia kufua?”

“Ndiyo, mzee wangu. Na nimeandika.” Akawafunulia daftari. Siku zote tatu, kwa wino mwekundu: blanketi.

Mwenyekiti hakucheka. Alizima kipaza sauti. “Mwalimu, siku utakayoniambia waya umekaguliwa, nitatoka nje hata kama nina sabuni mwilini.”

Sisi je? Sisi tuna maono Jumatatu, ufunuo Jumatano, na Ijumaa tunafafanua yale ya Jumatano. Nani amewahi kusimama hapa madhabahuni akasema, wapendwa, ya wiki iliyopita lilikuwa blanketi?

Haya, naanza mimi. Mwezi uliopita niliwaambia Bwana amenionyesha kwamba kwaya ya vijana ivunjwe. Hakunionyesha. Walinikosoa mbele ya watu, nikaumia. Vijana, kaeni kwenye viti vyenu vya mbele. Lilikuwa blanketi.