Mama Kombo na Njia Nne

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio yenu yana nafasi?

— Yana nafasi, mwaga!

Nikimwaga nusu?

— Hatutoki hapa kwako mpaka uitoe nusu ya pili!

Haya, sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana humu ndani kuna kikohozi kingine kinakuja.

Palikuwa na Sange, mnyama mdogo kama ngumi ya mtoto, pua yake ndefu kama mrija. Walimwita Mama Kombo, kwa kuwa mwanawe wa kwanza alikuwa Kombo. Nyuma yake alikuja Mashavu, halafu kitinda mimba Kidawa, aliyekuwa bado analala mdomo wazi. Wote wanne walikaa kwenye shimo chini ya mzizi. Mbele ya mlango palitoka njia nne: ya gogo la asali, ya mtoni, ya kichuguu, na ya mwambani. Kila alfajiri Mama Kombo alizifagia zote nne, jani kwa jani. Sange ndivyo walivyo. Kwenye njia safi mguu wa sange hausikiki kabisa. Kwenye majani utasikika tu: chakacha!

Siku moja akaja Nyegere. Nyegere mnamjua: kifua kipana, kucha kama majembe, na tumbo ambalo tangu azaliwe halijasema basi.

"We Mama Kombo! Nasikia watoto wako wamenona."

"Wamenona wapi, bwana? Mifupa mitupu. Tuonee huruma."

"Huruma nitawaonea nikishawatafuna. Kesho jua likifika utosini nipo hapa. Leo nawahi windo jingine."

Akaenda zake.

Kulipokucha, moyo wa Mama Kombo ulikuwa unapiga du-du-du, du-du-du. Akaanza kuziba shimo, akaacha. Akaanza kufunga mizigo, akaacha. Akaanza kuchimba shimo jingine, akaacha. Akakimbilia mtoni, akafika, hakujua amefuata nini, akarudi. Na siku hiyo ufagio hakuugusa. Majani yakaanguka, yakajaa njia zote nne. Jua nalo lilikuwa linapanda tu, halimngoji mtu.

"Mama, njaa," akasema Mashavu.

"Nyamaza wewe!"

Mashavu akanyamaza. Kidawa ndiye aliyelia.

Basi Mama Kombo akakaa chini, pale pale kwenye majani. "Mola wangu, nisamehe," akasema. "Nimemfokea mtoto mwenye njaa, na Nyegere nilimwita bwana. Nimekimbia tangu alfajiri na sijafika popote. Nionyeshe jambo moja tu ambalo mikono hii inaliweza."

Malaika hakushuka. Lilishuka jani, likamtua puani.

Akalishika. "Wewe ni nani?" akaliuliza. "Wewe ni dari linalovuja. Mvua ni mwezi ujao. Kaa kando." Akaokota la pili. "Wewe ni majirani wanaosema mimi mwoga. Kweli mimi mwoga. Kaa kando." Akaokota la tatu, akalitazama sana. "Wewe ni Nyegere. Wewe ndiwe wa leo."

Akabaki na jani moja mkononi. Jani moja si zito.

"Kumpiga siwezi," akaliambia. "Kumsihi nimeshamsihi. Kukimbia naweza, ila watoto watasikika majanini. Basi nataka njia safi. Iende wapi? Mwambani. Jiwe halichimbiki."

Moyo wake ukadai njia zote nne, kama siku zote. Akalitazama jua. "Hapana. Moja." Ikamuuma, kama mtu anayetoka nje hajanawa uso. Lakini akashika ufagio: fya, fya, fya. Majani ya njia ya mwambani akayamwaga kwenye njia zile tatu. Kisha akawalisha watoto, na Mashavu akampa fungu kubwa.

"Nikikohoa, atoke mmoja, aende mwambani. Mmoja tu kila kikohozi. Kidawa kwanza, Kombo mwisho."

"Kwa nini mimi mwisho?"

"Kwa sababu nakuamini, baba."

Jua likafika utosini. "Hodi!"

"Karibu, bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Leta watoto."

"Wamelala, bwana, hawaendi popote. Ila asali ya kwenye gogo imeiva inadondoka. Na mtoni kuna mayai ya kanga. Na mchwa wa kichuguuni wameanza kuruka. Mimi nakwambia tu."

Nyegere akajiambia, aliyelala hakimbii, asali inakimbia. Akashika njia ya gogo: chakacha, chakacha.

Mama Kombo akakohoa. Kidawa akapita njia safi, kimya. Mama Kombo akakanyaga majani ya njia ya mtoni: chakacha!

"Nani huyo?"

"Sijui, bwana. Sauti inatoka njia ya mtoni."

"Mayai yangu!" Nyegere akaiacha asali, akarudi mbio, akashika njia ya mtoni.

Mama Kombo akakohoa. Mashavu akapita, kimya. Mama Kombo akakanyaga njia ya kichuguu: chakacha!

"Na huyo nani?"

"Huyo yuko njia ya kichuguu, bwana."

"Mchwa wangu!" Akayaacha mayai, akashika njia ya kichuguu.

Mama Kombo akakohoa. Kombo akapita, kimya. Mama Kombo akakanyaga njia ya gogo: chakacha!

"Asali yangu!"

Akaanza, akaacha. Akaanza, akaacha. Mwisho Nyegere akaanguka katikati ya njia zote, ulimi nje. Mama Kombo alikuwa ameshafika kwenye ufa wa mwamba, pua tu ndiyo iliyobaki nje. Hapo akasikia kifua cha Nyegere: du-du-du, du-du-du.

Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya kwake, ya asubuhi.

"Bwana Nyegere," akaita. "Chagua moja."

"Nikichagua moja, nyingine zinapotea!" Nyegere alikuwa analia, kifua chote kile.

"Ndiyo, zinapotea. Mimi leo nimepoteza njia tatu."

"Nichague ipi basi?"

"Asali. Hakuna aliyeigusa, na kutoka pale, nyumbani kwako si mbali. Mkeo ana siku ngapi hajakuona?"

Nyegere akahesabu kwa kucha zake. "Nne," akasema. Akainuka, akashika njia ya gogo, taratibu, asirudi nyuma. Huko mwambani wakamsikia anapasua gogo, kisha wakasikia hatua zake zinaelekea nyumbani.

Jioni Mama Kombo akasali na wanawe. "Mola wangu, nimesema uongo mmoja. Mayai hayakuwepo."

"Na mchwa, mama," akasema Mashavu.

"Na mchwa."

"Na sisi hatukuwa tumelala," akasema Kidawa.

"Lala sasa, mwanangu, nipunguze mmoja."

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu. Funzo lake? Funzo ni hili: mkizidiwa na mashaka, msikae chini hata kidogo. Kimbieni huku na huku, fokeeni watoto, shikeni mambo yote manne kwa mpigo, na ufagio msiuguse. Ndivyo nilivyofanya mimi wiki hii nzima, Mola anisamehe, na uwanja wangu mmeuona wenyewe mlipokuwa mnaingia.

Haya, nani amekalia ufagio wangu?