Neno la Mpishi wa Ngomeni

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na amiri wa jeshi akiitwa Jundub bin Rafii, aliyepelekwa kulinda ngome ya mpakani, nchi ya mawe na upepo, mbali na ahali zake. Kazi ya mpakani si mapanga kila siku, kama wadhaniavyo waliokaa majumbani. Baada ya sala ya alfajiri Jundub alikagua walinzi, akatazama kwato za farasi, akawagawia askari maji kwa kata, naye akawa wa mwisho kunywa. Hata siku alipoletewa habari kwamba mwanawe Hilali ameuawa kwenye kivuko cha mto, aliinuka akaenda kugawa maji.

Mchana mmoja Rayta, mjane aliyewapikia askari, alikuwa akimwaga majivu nje ya mlango wa nyuma. Akamwona mtu anachechemea, midomo imempasuka kwa kiu. Hakumjua. Akamwambia asiogope, aingie anywe. Walinzi walipomwona walimrukia, kwani kovu la shavuni lilimtambulisha: ndiye Barzin, jasusi wa adui, na ndiye aliyemuua Hilali.

Wakamburura kutoka jikoni kwa Rayta hadi uani, naye Rayta akawafuata. Asadi, naibu wa amiri, akanong'ona kwamba Mungu amemleta mwenyewe. Jundub akaona mkono wake umeshafika kwenye mpini wa upanga, wala hakumbuki kuupeleka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Lakini sheria waliyoishika vitani ilikuwa wazi. Muislamu yeyote, mwanamume au mwanamke, akimwambia adui "usiogope", amempa amani, asidhuriwe, na amani hiyo inalifunga jeshi zima.

"Bibi Rayta," akauliza Jundub, "ulimwambia nini mtu huyu?"

Asadi akakohoa, akamkumbusha mjane kwamba hakuna aliyemsikia, basi afikiri kabla ya kujibu. Angekana tu, yule jasusi asingeifikia alasiri.

"Nilimwambia usiogope, ewe Amiri. Laiti ningalimjua, nisingalisema. Lakini nimesema."

Jundub alimchukia kwa jibu lile, naye akajua kuwa anamchukia kwa sababu amesema kweli. Asadi akashika neno: tangu lini jeshi likafungwa na kauli ya mpishi?

"Mola wake na wetu ni mmoja," akasema Jundub. "Mtu huyu atafikishwa mahali pa amani yake, upande wa watu wake."

Hakumkabidhi kwa askari, maana aliwajua, wangemmaliza njiani. Akamtoa mwenyewe, wakashuka genge la mlima wawili tu, Barzin mbele na amiri nyuma. Jundub akawa anaitazama ile shingo. Kila hatua ilimnong'oneza kwamba hapa hapana shahidi. Akasimama ghafla.

"Pita nyuma yangu," akamwambia. "Nikiendelea kuitazama shingo yako, sijiamini."

Basi akatembea amempa mgongo muuaji wa mwanawe, akisikia mguu ule ukikwaruza mawe, asijue ni hatua ipi itakuwa ya mwisho. Ulimi wake haukuacha kusema, Hasbunallahu wa ni'mal wakil, Mwenyezi Mungu anatutosha, naye ni mbora wa kutegemewa. Walipofika mpakani akamwonyesha njia. Barzin akaenda zake bila hata neno la shukrani.

Zamu ya Jundub ilipokwisha akarudi nyumbani. Mkewe Lubaba, mama yake Hilali, alikwisha kuyasikia yote. Alimtengea chakula, asile naye.

"Umemsamehe aliyemuua mwanangu?"

"Sijamsamehe," akajibu Jundub, machozi yakimtiririka ndevuni. "Nimemtimizia ahadi tu. Kusamehe bado namwomba Mola anijaalie."

Lubaba akaketi karibu yake, akainua mikono, wakaomba pamoja.

Enyi ndugu zangu, wale walimtimizia ahadi mtu ambaye nyoyo zao hazikumtaka. Sisi ahadi hutushinda hata kwa watu tunaowapenda.