Uji wa Bi Mwanate na Njia ya Chini ya Barabara

Hapo zamani za masultani, wakati neno la mwenye enzi likitamkwa alfajiri lilikuwa sheria kabla watu hawajanywa chai, palikuwa na mji uitwao Rasini, na mtawala wake alikuwa Sultani Shekuwe. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda vitu vilivyonyooka. Basi akajenga barabara kutoka lango la jumba lake hadi bustani yake ya mawaridi, ikatandikwa mawe meupe yaliyochongwa, na haikupinda kwa ajili ya kisima, wala msikiti, wala nyumba ya bibi wa mtu. Ikawa mji umekatika vipande viwili, huku mtaa wa Visimani na kule mtaa wa Makutini.

Siku moja Sultani alikuwa akiwaonyesha wageni barabara yake, mbuzi wa mtu akakatiza mbele ya farasi, farasi akaruka, na kilemba cha mwenye enzi kikaanguka mbele za watu. Mbuzi alikwenda zake. Sultani akamwita Waziri Ghalibu, akamwambia, "Sitaki tena kuona kwato wala unyayo wa mtu ukikatiza njia yangu. Chimba njia ya chini, watu wapite huko kama maji yapitavyo mferejini." Waziri akainama, akasema, "Imekwisha fanyika, Bwana wangu," na hapo alikuwa hajanunua hata jembe.

Kazi ikaanza. Basi ikawa kila baada ya sala ya alasiri watu wa mitaa yote miwili hutoka na mikeka yao kwenda kulitazama shimo. Mzee Jongo, muuza kahawa, alihamishia dele lake la kahawa pale pale ukingoni, na biashara ikamnyookea kuliko barabara yenyewe. Watu waliokuwa hawajawahi kushika sepeto wakawa mafundi wakubwa wa kuchimba kwa macho. Mmoja atauliza, "Leo wamefika wapi?" na mwenzake atajibu, "Leo wanachimbua pale walipofukia jana." Msichana aliyeposwa siku shimo lilipofunguliwa sasa alikuja kulitazama na mtoto mgongoni. Na kila Ijumaa mpiga mbiu alizunguka mji akitangaza kwa amri ya Waziri, "Enyi watu wa Rasini, furahini! Njia ya chini imebaki kidogo!" Watu wakafurahi kwa utii, kisha wakaagiza kahawa nyingine.

Kumbe wachimbaji walikuwa wamekutana na chemchemi, shimo likajaa maji, na mbele ya maji pakawa na mwamba. Wakaenda kumwarifu Waziri. Lakini katika jumba la Sultani Shekuwe palikuwa na desturi kwamba habari mbaya haipelekwi mpaka mwenye enzi aiulize mwenyewe, na mwenye enzi hakuwa na mazoea ya kuuliza. Waziri akafikiri sana, akawaruhusu wachimbaji waende makwao. Kisha akaagiza mapazia mawili ya hariri ya kijani yenye nakshi. Moja akalitundika kwenye mdomo wa shimo upande wa Visimani. La pili akalitundika upande wa Makutini, na nyuma yake palikuwa na ardhi tupu ambayo haijapata kuguswa na jembe tangu dunia iumbwe.

Siku ya kufungua njia watu walikula halua, dua ikasomwa, zumari zikapigwa. Sultani akalitazama pazia, akalisifu. Akataka kuingia, Waziri akamnong'oneza, "Bwana wangu, hii ni njia ya wanyonge. Mwenye enzi hupita juu." Sultani akaona ni maneno ya heshima, akaridhika. Akasimama akatoa amri: tangu siku ile hakuna raia atakayekanyaga barabara yake; atakaye kwenda ng'ambo na apite chini ya barabara, na atakayekaidi atafukuzwa mjini.

Sasa huenda wewe unayesoma unasema, mbona hakuna aliyefunua pazia akachungulia? Basi huwajui watu wa Rasini. Kwao pazia la mlango halifunuliwi mpaka mtu apige hodi na aitikiwe karibu, na akipiga mara tatu asiitikiwe, hugeuka akarudi kimya bila kuchungulia. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Asubuhi yake wakasimama mbele ya pazia la njia ya chini, wakapiga hodi kwa upole, hawakuitikiwa, wakageuka. Wakaenda kuzunguka nje ya mji, kwa lango la kaskazini, safari ya kumchosha punda, na hakuna aliyenung'unika kwa sauti. Waziri aliijua vyema adabu ya watu wake.

Mjini humo alikuwamo mtu mmoja fukara jina lake Vuai. Watu walimwita mpumbavu kwa kuwa akiulizwa neno hujibu lile lile aliloulizwa, bila kulizungusha, na watu hawalipendi jambo hilo. Hakuwa na kitu ila kanzu moja, sufuria moja na mama mmoja. Mama yake, Bi Mwanate, alikaa Makutini katika nyumba ya marehemu mumewe na alikataa katakata kuihama. Meno yalikuwa yamemwisha, chakula chake kilikuwa uji wa mtama tu, na uji wenyewe lazima uwe wa moto, maana ukipoa ulimkwama kooni akauacha. Kila asubuhi Vuai aliupika Visimani, ambako ndiko kuliko na maji, akaifunga sufuria kwa matambara, akakatiza barabara mbio, na mama akanywa huku mvuke ukimpanda usoni.

Siku ile ya kwanza ya amri Vuai naye akafika penye pazia na sufuria yake. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Alipopiga ya tatu, chura akaitikia kutoka ndani. Vuai hakuwa mtu wa kuchagua wenyeji. Akashukuru kwa kukaribishwa, akafunua. Akaona maji meusi, na mbele ya maji jiwe. Akalirudisha pazia taratibu, akazunguka kwa lango la kaskazini, na alipofika kwa mama yake uji ulikuwa umeganda.

Bi Mwanate akaonja, akaliweka bakuli chini. "Mwanangu," akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Njia imekuwa ndefu."

"Njia ni ile ile tangu nilipoolewa."

Siku zikapita hivyo, na mama akazidi kukonda. Vuai akaumia moyoni sana, kwa kuwa aliweza kuvumilia njaa yake mwenyewe lakini hii ya mamaye hakuiweza. Alasiri moja akaenda penye kahawa ya Mzee Jongo, maana watu walikuwa bado wakija kulitazama shimo ingawa sasa walitazama pazia tu, akasema mbele ya wote, "Jamani, ile njia haipo. Aliyeko ni chura." Watu wakacheka, na kabla kahawa haijapoa askari walikuwa wamemshika.

Akapelekwa barazani. Waziri akasema, "Bwana wangu, huyu amelitukana tendo lako mbele ya raia."

Sultani akauliza, "Ewe Vuai, nani aliyekuambia njia yangu haipo?"

"Mwenyeji wake, Bwana wangu. Nilipiga hodi, akaniitikia yeye peke yake."

"Na wewe Waziri wasemaje?"

"Njia imekamilika, Bwana wangu," akasema Waziri, "ila imebaki kidogo ya mapambo."

Sultani alikasirika, kwa kuwa halua ilikuwa imekwisha kuliwa na dua imekwisha kusomwa, na mambo hayo hayarudishwi nyuma. Akasema, "Vuai, kesho mbele ya mji wote utapita chini ya barabara yangu kutoka Visimani hadi Makutini, na uji wako ufike wa moto. Ukifika, utaniomba utakacho. Ukishindwa, utatoka katika mji huu wala hutarudi."

Mawazoni Vuai akamwona mama yake ameketi kizingitini akisubiri sufuria ambayo hakuna mtu mwingine wa kuileta. Lakini akapiga magoti akauliza, "Mwenye enzi, nisilaumiwe kesho. Amri ni kwamba nisiikanyage barabara?"

"Usiikanyage hata kwa kidole."

"Na niwe chini yake, yenyewe iwe juu yangu?"

"Ndiyo maana ya kupita chini, ewe mpumbavu!"

"Na watu wakitaka kunifuata?"

"Wakufuate wote. Wataona kuwa imejengwa kwa ajili yao."

Kulipokucha, hapakubaki mtu nyumbani. Hata wagonjwa walikuja. Sultani akaketi chini ya mwavuli wake, Waziri akasimama kando ya pazia akiwa na uso wa mtu aliyeshiba. Vuai akaja, sufuria imefungwa matambara na kuning'inizwa begani, mkononi ameshika mtaimbo, kichwani ana ngata kama wachukuzi wa mizigo. Akalipita pazia kando, bila kulifunua. Akafika ukingoni mwa barabara, akachomeka mtaimbo, akang'oa jiwe moja jeupe, akajitwika juu ya ngata. Kisha akaweka mguu wake pale jiwe lilipokuwa, penye udongo mtupu.

Askari wakatazamana. Vuai akang'oa jiwe la pili, akalipitisha nyuma kwa Mzee Jongo. Mzee Jongo akalitazama, akamtazama Sultani, akalitazama tena. Miaka yote ile alikuwa ameitazama kazi ya wengine. Akajitwika kichwani, akaingia nyuma ya Vuai. Jiwe la tatu likapokewa na mke wa mwashi, la nne na mwenye mbuzi yule yule wa siku ile, na hapo mji mzima ukajipanga. Watu wa Makutini walipoona, nao wakaanza kung'oa kutoka upande wao, wakijitwika na kuja, ikawa barabara inatembea juu ya vichwa vya watu huku chini yake watu wanasalimiana, "Habari za ng'ambo?" "Njema, tuliwakosa sana!"

Waziri akapiga kelele, "Washikeni! Wanaibomoa!"

Vuai akasimama katikati, jasho likimtiririka. "Bwana wangu Sultani," akasema, "tazama mwenyewe. Unyayo wangu uko katika udongo. Barabara yako iko juu na mimi niko chini yake. Na hawa wote wamo chini yake, na hakuna aliyeikanyaga. Niruhusu niende, uji unapoa."

Sultani akapunga mkono, Vuai akapita.

Bi Mwanate alikuwa kizingitini. Akaona mwanawe anakuja na jiwe kichwani, akasema, "Hata hilo nalo nile?" Vuai akalitua, akafungua matambara, akamimina. Mvuke ukapanda. Mama akanywa kwa pupa, akaungua ulimi, machozi yakamtoka, akacheka huku akilia na kumshika mwanawe mkono asimwachie. Vuai naye alilia, wala hakuficha.

Aliporudi, alimkuta Sultani amesimama mbele ya pazia la kijani. "Vuai," akasema Sultani, "kwa nini hukupita hapa?"

"Bwana wangu, piga hodi uulize."

Sultani hakuwa amepata kupiga hodi popote katika maisha yake. Akapiga, sauti ikamtoka ndogo. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, na kutoka ndani chura akaitikia kwa kirefu. Mwenye enzi akafunua pazia kwa mkono wake mwenyewe, akatazama maji, akatazama mwamba, akatazama barabara yake ya mawaridi, ambayo sasa ilikuwa mstari wa vumbi na marundo ya mawe mbele ya milango ya watu. Akamgeukia Waziri.

Waziri akainama mpaka kilemba kikagusa udongo. "Bwana wangu," akasema, "imebaki kidogo."

Hapo mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, na kicheko kikaenda kama moto wa makuti. Sultani akawa mwekundu. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda, naye akacheka. Akasema, "Vuai, umefika na uji umefika. Omba. Nyumba? Farasi? Uwaziri?"

Vuai akajibu, "Siombi mali, Bwana wangu. Mawe haya watu watayarudisha, na wewe utapata barabara yako. Nataka jambo moja tu. Maadamu Waziri wako anasema njia ya chini ipo, yeye ndiye ampelekee mama yangu uji kila asubuhi, apite humo humo, na ufike wa moto. Siku mtu wa kawaida atakapoweza kupita, nitaichukua sufuria yangu."

Sultani akaamuru iwe hivyo papo hapo. Kesho yake Waziri Ghalibu aliingia katika maji na sufuria kichwani, akaukuta mwamba, akatoka, akazunguka kwa lango la kaskazini mbio na joho limelowa, na Bi Mwanate, ambaye hakumjua ni nani, akamwambia uji umepoa akaupike tena. Akaupika. Kabla ya adhuhuri wachimbaji wote walikuwa wameitwa warudi, pamoja na wavunja mawe na wachota maji, na Waziri mwenyewe alikuwa ndani ya shimo akishika sepeto kwa mikono miwili. Watu walileta mikeka yao, Mzee Jongo akawasha jiko, na kwa mara ya kwanza waliona kazi ikienda. Wengine walisikitika, maana ilikwisha upesi mno, hata kahawa haikupata kunoga.

Njia ikafunguliwa bila halua. Vuai akapita na sufuria yake, akafika, akamimina. Bi Mwanate akaonja uji, ukawa wa moto, akaridhika. Kisha akachungulia nyuma ya mwanawe, akauliza, "Na yule mtumishi wako mwenye joho yuko wapi leo? Mrudishe, mwanangu. Alikuwa hajui kupika, lakini alikuwa ameanza kujifunza."