Udi wa Serhani Uliopendeza Macho

Waliopita wamewaachia waliobaki habari hii, nami naitoa kama nilivyoipokea, na aliyekuja kutafuta vicheko na aende zake harusini. Palikuwa na Sultani aitwaye Munadhiri bin Aswadi, mtawala wa mji wa Kahramani, mji wenye kuta saba na misikiti arobaini na bustani za komamanga, na watu wake walikuwa wamejaliwa na Mola kila neema ila moja tu, nayo ni subira ya kusikiliza. Kila kitu kwao kilipimwa kwa jicho. Farasi alinunuliwa kwa rangi yake, na kadhi alichaguliwa kwa ndevu zake, na habari za wachumba wacha nisiseme.

Na Sultani huyo alikuwa na mke aliyempenda, hodari wa kupiga udi, na mwanamke yule akafariki kwa homa ya siku tatu. Na kwa desturi ya mji, chombo cha marehemu huvunjwa siku ya maziko, basi udi ule ukavunjwa mbele ya binti yake wa pekee, Mwana Lulua, na binti hakulia. Siku ya kwanza watu wakasema ni ushujaa, na siku ya saba wakasema ni mshangao, na zilipotimia arobaini, chakula hakipiti kooni na mwili umebaki mifupa, tabibu wa kasri akapiga magoti akasema, "Ewe Maulana, huzuni ya binti imeganda kifuani. Dawa yake sina. Likimtoka chozi atapona, na lisipomtoka hatauona mwezi mwandamo."

Sultani akatuma wapiga mbiu katika mitaa yote: kila fundi na atengeneze udi, na yule ambaye udi wake utamliza binti, ataozwa binti huyo na kupewa nusu ya hazina.

Na katika mtaa wa maseremala alikuwako fundi mmoja, jina lake Serhani, maskini asiye na baba wala mama, na vyombo alivyovitengeneza vilikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini hakuna aliyepata kuisikia. Maana ilikuwa sheria ya Kahramani kwamba pigo la kwanza la chombo kipya ni haki ya nyumba ya Sultani, na kabla ya kufika huko chombo hupita kwa Waziri Dhulkamari, ambaye hukaa langoni na kutazama tu, na kisichompendeza hukivunja juu ya ngazi. Serhani mwenyewe aliijua sauti kwa kugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na kidole cha fundi hakidanganyi. Miaka mitatu mfululizo alikuwa amerudi nyumbani na vipande kikapuni.

Aliposikia mbiu akanunua gogo la mforosadi kongwe, na alipolipasua ukatoka moshi mweusi, na moshi ukawa jini mwenye kichwa kikubwa kama tanuri, naye anapiga miayo.

"Usikimbie, ewe mwanadamu," akasema. "Mimi ni Karnasi. Mchawi alinifunga humu miaka mia saba, na leo hata kaburi lake limesahauliwa. Umenifungua, basi sina budi kukutumikia mara moja, na iwe moja kweli, kwa kuwa nimechoka. Sema haja yako."

"Nataka udi wa kumliza binti Sultani."

Jini akacheka cheko lisilo na furaha. "Hilo usiniombe mimi. Sauti imo ndani ya mbao hizi, nimelala nayo miaka yote hiyo, naijua. Mkono wako unatosha kuitoa. Mimi kazi yangu ni kupamba. Lakini nakuonya, pambo langu lina uzito."

Serhani akafikiri, na laiti angefikiri zaidi! Akaikumbuka ngazi ya Waziri, akavikumbuka vipande kikapuni, na tuseme kweli, akajiona amesimama barazani na watu wakimtazama yeye, Serhani, ambaye hakuna aliyepata kumtazama. Akasema, "Usiopendeza hauvuki lango. Nipambie."

Basi akachonga siku tisa, na alipoumaliza akaugonga usoni kwa kifundo cha kidole, na udi ukamjibu kwa sauti iliyomfanya aketi chini. Kisha jini akaupulizia, na mara uso wote wa udi ukajaa vipande vya chaza na pembe na nyota za dhahabu, na juu ya yote sandarusi nzito inayong'aa kama kioo, na jini akatoweka moja kwa moja. Serhani akagonga tena. Udi ukajibu kama mlango wa mtu asiyetaka wageni. Naye akalisikia hilo vizuri, akajidanganya kwamba nyuzi zitausaidia.

Waziri Dhulkamari alipouona, machozi yakamlengalenga. Akauchukua kwa mikono yake miwili mpaka barazani, na Mwana Lulua akaletwa ameshikwa na wajakazi wawili, akawekewa udi mapajani, akapiga. Ikatoka sauti fupi, kavu, ikafa pale pale. Na baraza zima likasema, "Mashaallah! Mashaallah!" kwa kuwa lilikuwa likitazama.

Binti akasema, "Ni mzuri. Uondoeni."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini Sultani aliupenda udi ule akautundika ukutani juu ya kiti chake, na Serhani akafanywa fundi wa kasri, akapewa chumba na mtumishi. Na kutoka mlangoni pa chumba hicho kila asubuhi alikuwa akiona sahani za binti zikitoka zimejaa kama zilivyoingia, na moyo wake ukamuuma, kwa sababu katika mji mzima ni yeye peke yake aliyejua kuwa dawa ya yule mgonjwa imetundikwa ukutani, na aliyeiziba ni yeye.

Akamwendea Waziri, akamwomba ruhusa aukwangue udi uso wake.

"Una wazimu?" akasema Waziri. "Ile ni mali ya Sultani. Aharibuye mali ya Sultani hukatwa mkono wa kuume. Nenda kapumzike, fundi, umeshafika unapotaka kufika."

Ikawa siku ya Ijumaa, na watu wote wamekwenda kuswali, Serhani akaingia barazani, akautungua udi, akatoa kipande cha kioo ambacho mafundi hukwangulia mbao, akaanza. Nyota za dhahabu zikaanguka zuliani, na sandarusi ikatoka maganda maganda, naye hakusimama mpaka alipouona mti mtupu, na alipougonga, akatabasamu. Ndivyo walivyomkuta.

"Ewe mtovu wa shukrani!" akanguruma Sultani. "Nimekutoa mavumbini, nawe umeniharibia kitu kizuri kuliko vyote katika milki yangu!"

"Ewe Mfalme wa zama," akasema Serhani, "mkono wangu ni wako, lakini kabla ya kuuchukua, binti na apige mara moja tu."

"Apige hiki kilichochunwa kama mbuzi? Hukumu kwanza."

Na hukumu ikapita, pale pale, na ukelele wa Serhani ukasikika mpaka vyumba vya ndani.

Mwana Lulua akatoka akijikongoja kwa kushika ukuta, akaiona damu, na kando yake udi uliochubuka, mbaya, usio na pambo hata moja. Akaketi sakafuni. Akaupangusa kwa shela yake, akagusa uzi mmoja.

Ile sauti sitaieleza, maana sikuwako, na waliokuwako hawakuweza. Nasikia tu kwamba binti alisema, "Mama," akalia, akalia mpaka jua likatua, na Sultani ambaye miaka arobaini hakupata kusikiliza kitu akafunika uso akalia naye, na Waziri akatafuta nguzo ya kujificha.

Kisha Sultani akamwinamia Serhani, akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nilisema, Maulana. Ulikuwa ukitazama."

Maji yakimwagika hayazoleki. Ile desturi ya ngazi ikafutwa siku ile ile, na binti akapona, na nusu ya hazina ikatolewa, na ndoa ikafungwa, na Mwana Lulua alimpenda mumewe kwa kweli, na kila alasiri alimpigia udi ule. Naye Serhani alisikiliza hali amefumba macho, na baadaye alikuwa akienda karakanani, akashika patasi kwa mkono wa kushoto, akaiweka chini. Hakutengeneza tena chombo kingine mpaka kufa kwake.

Na fundisho ni hili: chombo kipigwe ndipo kisifiwe, na mwanadamu asikizwe ndipo ahukumiwe. Watu wa Kahramani walifundishwa hayo kwa mkono wa fundi. Na siku ya harusi walipojipanga njiani kumwona bwana arusi, amevalishwa joho la hariri lililoshonwa mikono mirefu makusudi ili kumsitiri, walisema nini? Walisema, "Tazameni joho lile! Tazameni tarizi zake!"